Ukiidanganya sensa, pikipiki ya magurudumu matatu bado itapinduka

Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwa wenye pikipiki kubwa za magurudumu matatu, na umeshafika kwenye gereji za Kirinyaga Road na Industrial Area. Unasema kwamba pikipiki ikikupunguzia nguvu katikati ya kona, dawa ni kuitafuta sensa ya uthabiti, yaani kifaa kinachoiambia kompyuta ya pikipiki jinsi inavyogeuka na kusukumwa, kisha kuiinua kidogo, kuigeuza upande, kuiwekea kipingamizi kwenye waya au kuichomoa kabisa. Fundi anakuambia, "Mkubwa, hapa ni wosha mbili tu, itaacha kukusumbua," yaani vipete viwili vya chuma vya kuinamishia sensa. Na kweli, mara nyingine inaacha. Hatari iko hapo hapo, kwa sababu mwenye chombo anarudi barabarani akiamini kwamba pikipiki yake imepona, ilhali kilichobadilika ni taarifa inayoifikia kompyuta. Pikipiki yenyewe ni ileile.

Nataka tulifumbue jambo hili polepole, kuanzia chini, kwa sababu mkanganyiko wenyewe unaanzia mbali zaidi ya sensa. Unaanzia kwenye dhana kwamba chombo cha magurudumu matatu ni pikipiki iliyoongezewa usalama.

Kwanza tujue tunazungumzia chombo gani. Tuktuk tunayoijua Nairobi, iwe Bajaj RE, Piaggio Ape au TVS King, ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Aina ya pili imegeuzwa: mawili mbele, moja nyuma. Maarufu zaidi katika kundi hilo ni Can-Am Spyder ya kampuni ya BRP ya Kanada, iliyotoka mwaka 2007, na mdogo wake Ryker aliyefuata mwishoni mwa 2018. Ipo na aina ya tatu, kama Piaggio MP3 ya 2006 na Yamaha Niken ya 2018, ambayo ina magurudumu mawili mbele lakini inalala kwenye kona kama pikipiki ya kawaida. Hiyo ya tatu tuiache pembeni, maana inafuata kanuni za pikipiki. Zile mbili za kwanza hazilali. Zinapita kona zikiwa wima, kama gari, na mwili wake unasukumwa nje ya kona.

Mfumo wa udhibiti wa uthabiti uko kwenye Spyder na Ryker. Tuktuk za kawaida hazina. Mfumo huo ni kompyuta moja ndogo, sensa kadhaa zinazoipa taarifa, na njia mbili za kuchukua hatua: kupunguza nguvu ya injini na kufunga breki ya gurudumu moja moja bila dereva kugusa kitu. Kwenye Spyder ulitengenezwa pamoja na kampuni ya Bosch ya Ujerumani.

Pembetatu iliyo chini yako

Aliyewahi kupika kwenye mafiga analijua somo hili kwa mikono yake. Sufuria iliyokaa juu ya mafiga matatu haiyumbi, hata kama ardhi si sawa. Lakini ukisonga ugali kwa nguvu, sufuria huinamia kwenye nafasi iliyo kati ya figa na figa, mahali pasipo na jiwe. Ukisukumia moja kwa moja kwenye figa, inakaa. Ukisukumia kwenye uwazi, inamwagika.

Chombo cha magurudumu matatu kimesimama hivyohivyo. Chora mistari kutoka gurudumu hadi gurudumu, utapata pembetatu. Uzito wote wa chombo, pamoja na wako, una mahali pake pa katikati, tupaite kitovu cha uzito, na kitovu hicho kinaning'inia juu ya pembetatu. Ukiingia kona ya kulia, uzito unasukumwa kushoto. Nguvu hiyo ikifikia kiasi cha kuuvusha nje ya mstari unaounganisha gurudumu la mbele la kushoto na gurudumu la nyuma, chombo kinainuka upande mmoja na kupinduka. Gari lina mstatili, hivyo ukuta wa pembeni uko mbali na kitovu kuanzia mbele mpaka nyuma. Pembetatu ina ukuta unaokwenda ukisogea ndani kadiri unavyokaribia gurudumu la pekee.

Tuweke hesabu ndogo, kwa chombo cha mfano tu. Chukua upana wa mbele wa mita 1.3. Nusu yake ni mita 0.65. Kama kitovu cha uzito kiko theluthi moja ya njia kutoka ekseli ya mbele kwenda nyuma, umbali uliobaki kati yake na ukuta wa pembetatu ni theluthi mbili ya 0.65, yaani mita 0.43. Kama kitovu hicho kiko nusu mita kutoka ardhini, chombo kitaanza kuinuka kikisukumwa pembeni kwa nguvu inayokaribia asilimia 87 ya uzito wake. Gari la upana huohuo na kimo hichohicho lingevumilia hadi asilimia 130, na matairi yake yangeteleza kwenye lami kabla ya kufika hapo. Ndiyo maana gari la chini mara nyingi huteleza kwanza, na chombo cha magurudumu matatu kinaweza kuinuka kabla hujahisi kuteleza.

Sasa mbebe mtu nyuma, na mzigo kwenye buti. Kitovu kinapanda hadi mita 0.55 na kurudi nyuma hadi sehemu 4 kwa 10 za urefu. Kiwango cha kupinduka kinashuka hadi asilimia 71. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, ambayo ni kona ya kawaida kabisa mjini, ulipokuwa peke yako mpaka wako ulikuwa karibu kilomita 57 kwa saa. Ukiwa na abiria, ni karibu 52. Tofauti ya kilomita 5 kwa saa hakuna anayeihisi kwa mwili wake.

Mwendo nao haupandi kwa haki. Katika kona hiyohiyo ya mita 30, ukiwa kilomita 40 kwa saa nguvu inayokusukuma nje ni kama asilimia 42 ya uzito. Ongeza hadi 50, inafika asilimia 66. Ongeza hadi 60, inafika 94. Umeongeza mwendo kwa nusu, nguvu imezidi mara mbili.

Kuna jambo moja hapa ambalo ningependa kila mwenye Spyder alishike kuliko mengine yote. Pembetatu ya tuktuk na pembetatu ya Spyder zimegeuziana mgongo. Ukifunga breki katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele. Kwenye tuktuk mbele kuna gurudumu moja, upande mwembamba, na hivyo breki ya ghafla kwenye kona ndiyo inayoiangusha. Kwenye Spyder mbele ndiko kwenye magurudumu mawili, upande mpana, na breki inausogeza uzito kuelekea mahali salama. Kinachoiangusha Spyder ni kinyume chake: kufungua mafuta katikati ya kona. Uzito unarudi nyuma, kwenye gurudumu la pekee, pale ukuta wa pembetatu ulipo karibu.

Kwa hiyo pikipiki inapokunyima nguvu ukiwa kwenye kona, inaondoa kile hasa kinachousukuma uzito kwenda upande mwembamba. Na ikifunga breki ya gurudumu la mbele la nje, inapunguza mwendo, inalegeza ukali wa kona, na inaurudisha uzito upande mpana, yote kwa pamoja. Dereva hawezi kufanya hivyo. Pedali ya breki ya Spyder ni moja tu, ya mguu, na inafunga magurudumu yote matatu.

Kompyuta inajuaje?

Inajua kwa kulinganisha anachotaka dereva na kinachotokea kwa mwili wa chombo. Sensa ya usukani inaeleza umegeuza kiasi gani. Sensa za magurudumu zinaeleza kila gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Halafu kuna kisanduku kidogo kilichofungwa kwenye fremu, na hiki ndicho kinachoandamwa na wenye wosha. Ndani yake mna sensa mbili za kazi tofauti. Moja inapima chombo kinageuka nyuzi ngapi kwa sekunde, kama mtu anayekiangalia kutoka juu. Nyingine inapima kinasukumwa pembeni kwa nguvu kiasi gani.

Hiyo inayopima kugeuka ni kitu cha kustaajabisha. Ndani kuna kipande kidogo mno cha silikoni kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Chombo kikigeuka, mtetemo ule unasukumwa pembeni kidogo, na msukumo huo ndio unaopimwa. Nguvu inayoufanya hivyo ilielezwa na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1835, naye hakuwa akifikiria pikipiki hata kidogo.

Ukiwa kilomita 50 kwa saa katika kona yetu ya mita 30, mwili wa chombo unapaswa kugeuka kama nyuzi 26 au 27 kwa sekunde. Kompyuta inaujua mwendo, inaijua pembe ya usukani, na hivyo inaijua hesabu hiyo. Sensa ikisema 40, nyuma inateleza. Ikisema 15, mbele inakwenda moja kwa moja na kukataa kugeuka. Na kama nguvu ya pembeni inaelekea kwenye kiwango cha kupinduka, haingoji kuteleza, inachukua hatua mapema.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Bosch na Mercedes-Benz waliiweka kwenye gari la S-Class mwaka 1995. Ilikuwa kitu cha magari ya matajiri hadi Oktoba 1997, jarida la Uswidi Teknikens Värld lilipoipindua Mercedes A-Class, gari dogo jipya, katika jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla barabarani. Picha zilizunguka dunia nzima. Mercedes wakabadilisha gari lile na kuufanya mfumo huo wa uthabiti kuwa sehemu ya kila A-Class. Marekani iliulazimisha kwenye magari yote mapya ya abiria kufikia toleo la 2012, na Umoja wa Ulaya mwaka 2014. Gari hilo lilikuwa na magurudumu manne. Chombo chenye matatu, ambacho ukuta wake uko karibu zaidi, kinauhitaji zaidi.

Wosha mbili zinafanya nini

Hapa nitakaa kidogo, maana maelezo haya ndiyo yanayokosekana.

Sensa inayopima msukumo wa pembeni haiwezi kutofautisha kusukumwa na kuinama. Ukiiinamisha, mvutano wa dunia nao unaingia kwenye kipimo. Iinamishe nyuzi 10 upande mmoja na, pikipiki ikiwa imeegeshwa kimya kabisa, itasema inasukumwa kwa asilimia 17 ya uzito. Iinamishe nyuzi 3 tu, itasema asilimia 5. Kipimo cha kugeuka hakiguswi sana. Kwa nyuzi 10 kinapungua chini ya asilimia 2. Kwa hiyo sensa mbili zinazokaa kisanduku kimoja zinaanza kupingana.

Kompyuta imeandikwa ikitarajia upinzani wa namna hiyo. Upotoshaji ukiwa mkubwa inaona taarifa hazipatani, inawasha taa, inarekodi hitilafu na kupunguza nguvu ya injini kwa lazima ili ufike gereji taratibu. Huyo ndiye mwenye bahati. Asiye na bahati ni yule ambaye fundi wake alikuwa na mkono mwepesi, akainamisha kidogo tu, ndani ya kiasi ambacho kompyuta inakivumilia. Hakuna taa. Kila kitu kinaonekana shwari. Lakini sasa upande mmoja msukumo unasomwa pungufu, na upande wa pili unasomwa zaidi ya ulivyo.

Yaani kona za kushoto pikipiki inakubana mapema kuliko zamani, na kona za kulia inachelewa, au kinyume chake. Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara. Ukiingia mzunguko wa Nyayo Stadium au wa Bunyala Road, unageuka kushoto kidogo, halafu kulia kwa muda mrefu ukizunguka, halafu kushoto tena kutoka. Kona ndefu ni ya kulia. Mtu ambaye sensa yake imefumbwa jicho upande wa kulia atajaribu pikipiki kwenye uchochoro wa gereji, ataipenda, kisha atakutana na kilichobadilika akiwa katikati ya matatu na malori, juu ya lami iliyomwagikiwa dizeli.

Kuchomoa waya wa sensa ya gurudumu nako kuna gharama ambayo watu hawaambiwi. Waya huohuo unahudumia mfumo wa kuzuia breki zisikamate, ule unaojulikana kama ABS, na mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma lisizunguke ovyo. Aliyetaka kuondoa kimoja ameondoa vitatu. Kwenye barabara zetu wakati wa mvua za Machi hadi Mei, tope jekundu likiwa limeburutwa kutoka maeneo ya ujenzi hadi kwenye lami, ABS ndiyo inayokuwezesha kufunga breki huku ukiendelea kugeuza usukani.

Lakini mimi ni dereva mzoefu

Hoja hii naisikia sana, na naiheshimu, kwa sababu wengi wanaoisema ni waendeshaji wazuri kweli. Wameshuka Kona Baridi kwenye Barabara ya Magadi mara nyingi, wanaijua pikipiki ya magurudumu mawili kama mkono wao. Tatizo ni kwamba uzoefu huo umejengwa juu ya chombo kinacholala. Kwenye pikipiki ya kawaida, ukali wa kona unausoma kwa jinsi ulivyolala. Mwili wako wote unakuambia. Spyder hailali. Inakusukuma nje kama kiti cha matatu, na onyo la kuinuka kwa gurudumu la ndani linakuja likiwa limechelewa. Isitoshe, tabia nzuri ya pikipiki ya kawaida, ya kufungua mafuta taratibu ukitoka kona ili kuituliza, ndiyo tuliyoona inausogeza uzito upande mwembamba. Uzoefu wa miaka mingi unamfundisha mtu jibu lililo sahihi kwa chombo kingine.

Wengine husema kwamba hata watengenezaji wenyewe wameruhusu kulegeza. Ni kweli kwa sehemu. Ryker Rally, kwa mfano, ina hali ya uendeshaji inayoruhusu gurudumu la nyuma kuteleza kidogo kwenye changarawe. Lakini waliolegeza ni wale walioandika programu, wakijua upana, kimo na uzito wa chombo chao, na wakaacha ulinzi wa kupinduka ukifanya kazi. Anayeinamisha sensa haruhusu gurudumu kuteleza, anaificha kompyuta kiwango cha kupinduka.

Na kuna wanaoamini kwamba taa ikizimwa kwa mashine ya kusoma hitilafu, hitilafu imekwisha. Mashine hufuta kumbukumbu. Sensa iliyoinama inabaki imeinama.

Kama kweli inakubana mapema, tafuta hapa kwanza

Sisemi kwamba kila anayelalamika anakosea. Zipo Spyder zinazokata nguvu kwenye kona ambayo hazikupaswa kukata, na mwenyewe ana haki ya kutafuta sababu. Katika mazingira yetu sababu ya kwanza ni upepo wa matairi. Magurudumu ya mbele ya Spyder nyingi yanataka kati ya 15 na 20 psi, kwa sababu chombo ni chepesi kwa tairi la aina ile. Ukiingia kituo cha petroli, anayejaza upepo ataona tairi linalofanana na la gari na kuweka 30 au zaidi, kama anavyofanya kwa kila gari lililotangulia. Linakuwa gumu, linaruka kwenye matuta, linashika lami kwa sehemu ndogo. Mwambie kipimo kabla hajaingiza mpira, na ukifika nyumbani hakikisha kwa kipimo chako mwenyewe matairi yakiwa yamepoa.

Ya pili ni tairi la nyuma. Spyder nyingi hutumia la 225/50R15, ambalo kipenyo chake ni kama milimita 606. Kwa kuwa tairi halisi ni ghali na si rahisi kulipata hapa, wengi hufunga la gari lililo karibu na kipimo hicho. La 205/60R15 lina milimita 627, yaani limezidi kwa asilimia 3.5. La 205/50R15 lina 586, limepungua kwa zaidi ya asilimia 3. Hilo dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na kompyuta, ikilinganisha na magurudumu ya mbele, inaliona kana kwamba linateleza. Inapunguza nguvu. Kuchakaa kwa tairi hadi mwisho wa kashata zake hupunguza kipenyo kwa kama asilimia 2 tu, na hicho ni kiasi ambacho mfumo umezoeshwa. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu sensa, soma maandishi ubavuni mwa tairi.

Ya tatu ni usukani ambao katikati yake si katikati. Pikipiki ikiwahi kugonga shimo kwa nguvu, au usukani ukibadilishwa, au ikifunguliwa mbele bila kupimwa upya, inaweza kwenda moja kwa moja huku sensa ya usukani ikisema unageuka nyuzi 3. Kompyuta inaona dereva anataka kona ambayo chombo hakifanyi. Dawa yake ni kupimwa mlingano wa magurudumu ya mbele, kisha sensa kufundishwa upya sifuri yake kwa kifaa cha mtengenezaji. Hiyo ndiyo marekebisho halali ya sensa, na haihitaji wosha.

Sensa za magurudumu nazo zinachafuka. Ncha yake inakaa karibu sana na pete yake, kama milimita moja hivi, na vumbi la chuma kutoka kwenye diski za breki hujikusanya pale likichanganyika na tope. Kitambaa safi na uangalifu vinatosha. Usipige mashine ya maji ya nguvu moja kwa moja kwenye soketi ya waya, kama wanavyofanya wengi kwenye car wash.

Kuna badiliko moja la kimakanika ninaloliunga mkono kwa anayetaka pikipiki iliyotulia zaidi: fimbo ngumu zaidi ya kuzuia mwili kuyumba, ile inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Waliofunga husema pikipiki imeacha kuwabana, na sababu ipo. Kisanduku cha sensa kimefungwa kwenye mwili. Mwili ukiinamia nje ya kona kwa nyuzi 3, sensa nayo imeinama nyuzi 3, na tumeona hiyo inaongeza asilimia 5 kwenye kipimo. Fimbo ngumu hupunguza kuinama, hivyo kipimo kinakaribia ukweli, na uzito wenyewe hausogei nje sana kama awali. Pembetatu haikupanuka. Angalau hapa kompyuta imeambiwa kweli, na mwili wa pikipiki umefuata.

Upande wa sheria ni mfupi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka chombo kiwe katika hali salama kwa barabara, na NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ndiyo yenye jukumu la ukaguzi. Bima nayo ina masharti yake. Chombo kilichobadilishwa breki au mfumo wa usalama bila kampuni ya bima kuelezwa kinaweza kukosa fidia siku ya ajali, na anayeumia mara nyingi ni abiria aliyepanda nyuma bila kujua lolote kuhusu wosha.

Kama umenunua pikipiki iliyokwisha kuguswa, na nyingi huuzwa bila mwenyewe kusema, unaweza kuanza kuchunguza bila kulipa mtu. Mwombe fundi afungue mahali kisanduku kilipofungwa. Kinapaswa kukaa bapa kwenye fremu, bolti zake zikiwa za urefu mmoja, bila kitu chochote chini yake, na kama kina mshale uelekee mbele. Waya zake zisiwe na viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufunikwa utepe mweusi. Ukikuta chochote kimeinuliwa, kirudishwe kama kilivyotoka kiwandani kisha mfumo wote upimwe upya kwa kifaa cha mtengenezaji. Baada ya hapo tafuta uwanja mtupu wa lami, Jumapili asubuhi mapema, bila abiria na ukiwa umevaa helmeti. Zunguka duara moja kushoto, kisha lilelile kulia, kwa mwendo mdogo uleule, ukiongeza kidogo kidogo na kusimama mara tu mfumo unapoingilia. Ukiingilia kwa mwendo ule ule pande zote mbili, uko sawa. Ukiingilia upande mmoja kabla ya mwingine, irudishe gereji siku hiyohiyo, na urudi nayo polepole.